Krismasi ya mzazi mmoja kwenye runinga: komedi nne, uangalie ipi na nani?

Kuna dakika moja inayojirudia kila Desemba. Pilau imeshaliwa, watu wazima wamejiegemeza kwenye makochi, watoto wamekaa mkekani mbele ya runinga, na mmoja wao anauliza bila nia yoyote mbaya: "Kwani huyu mama yake yuko wapi?" Kama wote waliomo sebuleni wana baba na mama, swali linapita. Lakini akiwepo mtoto aliyefiwa, au yule ambaye baba yake huonekana sikukuu moja kati ya tatu, chumba kinanyamaza, na aliyechagua cha kuangalia anaanza kupapasa rimoti.

Haya ni kwa ajili ya huyo mwenye rimoti. Nimechukua sehemu nne za Krismasi kutoka komedi nne zinazojulikana, tatu za Marekani na moja ya Uingereza, zote zikihusu nyumba yenye mzazi mmoja au isiyo na mzazi kabisa. Ni "Our Very First Christmas Show" ya Full House (1988), "Thicker Than Water" ya Only Fools and Horses (1983), "Miracle on Third or Fourth Street" ya Frasier (1993), na "The One with the Holiday Armadillo" ya Friends (2000). Hakuna hata moja inayozidi nusu saa kwa mbali, kwa hiyo hata ukikosea hujaharibu jioni nzima. Ila ukipatia, unaweza kumpa mtu zawadi ambayo haikuwa kwenye mfuko wowote.

Vigezo

Sikupima ipi inachekesha zaidi. Kicheko ni suala la mtu na siku yake. Nimepima mambo matano.

Kwanza, pengo lenyewe: mzazi wa pili amekwenda wapi? Kufa, kuachana na kutoroka ni mambo matatu tofauti, na mtoto aliyepitia moja hajioni katika jingine. Aliyezika mama yake hana haja ya kuona mzazi akirudi kubisha hodi. Yule ambaye wazazi wake wameachana anajua vizuri sana kwamba baba yuko hai, yuko Kimara, na simu yake inaita.

Pili, nani anaziba pengo. Hapa Kiswahili kinatupa faida ambayo wenye filamu zao hawana. Kwao kaka wa mama, kaka wa baba na hata mume wa shangazi wote wanaitwa kwa neno moja. Sisi tunaye mjomba, tunaye baba mdogo na baba mkubwa, tunaye shangazi na mama mdogo, na kila mmoja anaingia mlangoni na haki zake na wajibu wake. Nilipoziangalia upya sehemu hizi nikijiuliza kila mtu ni nani kwa mtoto, zilifunguka kwa namna nyingine kabisa.

Tatu, mtoto mwenyewe yuko wapi. Yumo ndani ya hadithi, au anatajwa tu? Nne, kicheko na simanzi vimechanganywa kwa kipimo gani. Na tano, maandalizi: ugumu wa lugha, kama lazima uwajue wahusika kabla, umri wa watazamaji, na kwa wenye watoto wadogo, kama siri ya Baba Krismasi inavuja.

Mbona wote ni wanaume?

Utaona mapema kwamba wazazi na walezi wanaobeba hadithi katika zote nne ni wanaume. Si kwamba niliwachuja akina mama. Marekani, karibu familia nne kati ya tano za mzazi mmoja zinaongozwa na mama, lakini komedi za runinga kwa miongo mingi zilimpenda mgane. Mgane hana wa kumlaumu, mke alifariki. Na mwanaume aliyevaa aproni huku keki inaungua ni kichekesho ambacho mwandishi hahitaji hata kukitafutia maneno.

Mama wa peke yake, kwa upande mwingine, alileta maswali. Kituo cha runinga cha NBC kilipomweka mwigizaji Diahann Carroll kuwa nesi anayelea mwanawe katika komedi ya Julia mwaka 1968, ilibidi mume awe rubani aliyeuawa Vietnam. Mwaka 1970 waandishi wa The Mary Tyler Moore Show walitaka shujaa wao awe mwanamke aliyeachika. Kituo cha CBS kikagoma, akageuzwa kuwa mtu ambaye uchumba wake ulivunjika. Ilichukua hadi 1975 kwa CBS hiyohiyo kuonyesha One Day at a Time, yenye mama aliyetalikiana na mumewe akilea mabinti wawili huko Indianapolis. Na hata baada ya hapo, Mei 1992, Makamu wa Rais Dan Quayle alisimama San Francisco akamnyoshea kidole Murphy Brown kwa kuzaa bila mume. Murphy Brown ni mhusika wa kubuni. Makamu wa Rais mzima!

Kwa hiyo singo maza anayesoma hapa itabidi ajitafute katika sura za wanaume. Nitaonyesha pale ninapodhani atajiona, na kuna sehemu moja ambayo nadhani ni yake kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Full House: "Our Very First Christmas Show"

Danny Tanner wa San Francisco ana mabinti watatu. Anawapandisha ndege pamoja na watu wa nyumba yake kwenda kula Krismasi Colorado, theluji inafunga njia, na wote wanajikuta wamekwama uwanja wa ndege usiku wa mkesha. Zawadi hazipo. Stephanie, binti wa katikati, ana hofu moja kubwa: Baba Krismasi atawapataje wakati hawako nyumbani?

Pengo hapa ni kifo. Mke wa Danny, Pam, aliuawa katika ajali iliyosababishwa na dereva mlevi, na ndipo tamthilia yenyewe ilipoanzia mwaka 1987. Lakini sehemu hii haichimbi kaburi. Msiba umekaa pembeni kama koti lililotundikwa mlangoni, unajua ni la nani na hakuna anayeligusa.

Wanaoziba pengo ni wawili. Joey ni rafiki wa Danny. Jesse ni kaka wa marehemu, na hapo ndipo Mswahili anapomwelewa Jesse kuliko Mmarekani. Huyu ni mjomba, mjomba hasa. Kwa Waluguru, Wazaramo au Wamakonde, ambao ukoo unafuata upande wa mama, kaka wa mama kuhamia kuwaangalia watoto wa dada yake aliyefariki si kichekesho cha "wanaume watatu ndani ya nyumba moja". Ni wajibu. Kwa hiyo Jesse anaposimama mbele ya abiria waliochoka na kuwaambia kwamba sikukuu haiko kwenye theluji wala kwenye vifurushi bali kwa watu uliokuja nao, Marekani wanasikia hotuba ya kijana mtanashati mwenye nywele nzuri. Mimi nilimsikia mjomba akitimiza kazi yake.

Watoto wamo tele, tena ndio wanaoendesha hadithi. Kicheko ni chepesi, simanzi ni ya sukari. Sitaficha kwamba muziki ule laini unaoingia kila watu wanapokaribia kukumbatiana unanichosha. Ukiusikia mara ya tatu unajua hata bega gani litaegemewa. Lakini watoto wa miaka sita hawachoki na sukari, na sitaki kujifanya mjuzi mbele yao.

Maandalizi ni kidogo sana. Kiingereza ni rahisi, hofu ya Stephanie kuhusu Baba Krismasi inachukuliwa kwa uzito wote, na hakuna neno la kukufanya ukohoe mbele ya mama mkwe.

Only Fools and Horses: "Thicker Than Water"

Hii BBC iliirusha tarehe 25 Desemba 1983, siku yenyewe. Waingereza wana desturi hiyo ambayo Wamarekani hawanayo sana: komedi inawekwa Krismasi jioni, watu wakiwa wameshiba, familia nzima ikiwa imefungiwa pamoja iwe inapendana au haipendani. Mwandishi John Sullivan alijua anawaandikia watu waliokaa karibu na ndugu ambao wangependa kuwakwepa.

Tuko Peckham, kusini mwa London, ghorofani katika jengo linaloitwa Nelson Mandela House. Del Boy anauza chochote kilichodondoka kwenye lori, na mdogo wake Rodney anabeba mabegi. Mama yao, Joan, alifariki Rodney akiwa bado mdogo sana. Baba yao, Reg, akatoweka muda mfupi baadaye, Del akiwa na miaka 16. Tangu siku hiyo Del akawa baba, mama, mlipa kodi na mwalimu wa maadili wa mdogo wake, ingawa somo hilo la maadili lilikuwa na matatizo yake.

Usiku wa Krismasi mlango unagongwa. Ni Reg. Miaka mingi imepita, na anakuja na habari ya ugonjwa wa damu ambao, anasema, huenda watoto wake wameurithi. Vijana wanakwenda kupimwa. Ugonjwa hawana, lakini makundi ya damu kwenye karatasi yanaonyesha kwamba ndugu hawa wawili hawawezi kuwa na baba mmoja. Na anayewekwa nje ya ukoo ni Del, yaani yule aliyebaki.

Nimeangalia sehemu hii mara nyingi na kila mara hapo napunguza sauti, kana kwamba majirani watasikia. David Jason, anayemwigiza Del, hafanyi lolote kubwa. Anakuwa mgeni ndani ya nyumba aliyoilisha mwenyewe. Baba aliyekimbia anakaa kwenye kiti kizuri. Baadaye inagundulika kwamba Reg alichezea yale majibu ya vipimo ili apate pa kukaa, na kwamba karatasi ilidanganya. Lakini Rodney na babu yao, anayeishi nao, walikuwa wameshaanza kumtazama Del kwa jicho lingine, na hilo huwezi kulifuta kwa kalamu.

Pengo, basi, ni mawili: kifo na kutelekezwa. Aliyeliziba ni kaka mkubwa, akisaidiwa na babu mzaa baba, ambaye ni mzee wa Reg, na hilo linamweka mzee yule katikati ya mtoto wake na wajukuu zake. Mtoto mdogo hayumo kabisa. "Watoto" hapa ni wanaume wenye ndevu. Kicheko ni kikali, kinatoka kwenye maneno, na simanzi inakuja bila muziki wa kukuonya.

Maandalizi ndipo penye mlima. Kiingereza cha Peckham si kile tulichosoma shuleni. Weka maandishi ya chini ya skrini, la sivyo utapoteza nusu ya utani. Kuna pia kitu cha kujua kama wewe ni mpenzi wa kufuatilia: Krismasi ya 2003, katika sehemu ya mwisho ya tamthilia, Rodney aligundua kwamba kweli hakuwa mtoto wa Reg. Ule uongo wa 1983 ulikuwa na ukweli ndani yake, ila ulimwangukia mtu asiye wake.

Frasier: "Miracle on Third or Fourth Street"

Frasier Crane ni daktari wa magonjwa ya akili anayewatuliza wasikilizaji redioni huko Seattle. Mkewe wa zamani, Lilith, anaishi Boston na mtoto wao Frederick. Krismasi ya kwanza baada ya Frasier kuhamia Seattle, mtoto alitarajiwa kuja. Haji. Zawadi zimeshafungwa, baba mtu ana hasira za kumwaga kwa kila mtu, nyumbani hewa inachafuka, na badala ya kukaa na wenzake anakwenda kuchukua zamu ya redio siku ya Krismasi.

Mwaka huo simu zinazoingia ni za watu wenye huzuni kuliko yeye. Anamaliza kazi akiwa hoi, amevaa ovyo, anaingia mgahawani kula peke yake, na wakati wa kulipa anagundua hana pochi. Wateja wa pale, watu wenye maisha magumu kweli, wanamtazama, wanadhani hana makao, na wanachanga senti zao kumlipia chakula. Tatizo ni kwamba nje limeegeshwa gari lake la BMW. Sasa mtu huyu atatokaje mgahawani bila kuwaaibisha waliomfadhili?

Pengo: talaka, na umbali wa bara zima. Ukitoka Seattle kwenda Boston umeivuka Marekani kutoka pwani hadi pwani. Nani analiziba? Jibu la sehemu hii ni la kushangaza kidogo: wasiojulikana. Ndugu wapo. Martin, baba yake Frasier, polisi mstaafu mwenye nyonga mbovu, naye ni mgane. Niles, mdogo wake, angekuwa baba mdogo wa Frederick. Lakini hawa ni ndugu wanaoujua udhaifu wake, na siku hiyo alihitaji watu wasiojua lolote.

Mtoto haonekani, na ndiyo maana yake. Ni mojawapo ya hadithi chache za Krismasi zinazokaa na mzazi aliyebaki na zawadi mkononi. Huku kwetu tunamsema sana baba asiyekaa na watoto, mara nyingi kwa haki. Lakini wapo pia waliopanga chumba, wakanunua baiskeli, wakaambiwa asubuhi kwamba mpango umebadilika. Wapo akina mama wa namna hiyo hiyo, waliopo Muscat au Minneapolis, watoto wakiwa kwa bibi Muheza, na Krismasi yao ni simu ya video inayokatika katika.

Kipimo cha kicheko na simanzi hapa ni kizuri kuliko zote nne kwa maoni yangu, kwa sababu kichekesho kikubwa na wema mkubwa vinatokea kwenye meza moja. Maandalizi ni madogo. Ni msimu wa kwanza, kwa hiyo asiyewajua wahusika hatapotea. Jina la sehemu linaitania filamu maarufu ya Krismasi ya mwaka 1947, na usipoijua filamu hiyo hujakosa kitu. Watoto, hata hivyo, watasinzia. Ni hadithi ya watu wazima wanaozungumza.

Friends: "The One with the Holiday Armadillo"

Hii ndiyo wengi wameiona angalau vipande. Ross ameachana na Carol, mama wa mwanawe Ben. Ben anaishi na mama yake na mwenza wake Susan, na Ross humpata kwa zamu. Desemba hii zamu imemwangukia yeye, na Ross, ambaye ni wa ukoo wa Kiyahudi, anataka kutumia siku chache alizopewa kumfundisha mwanawe Hanukkah, sikukuu ya Kiyahudi ya msimu huohuo. Ben anataka Baba Krismasi. Akiambiwa Baba Krismasi haji, anadhani ni kwa sababu alikuwa mtoto mbaya.

Sentensi hiyo ya mtoto ndiyo inayomvunja Ross. Anakimbilia kukodi vazi la Baba Krismasi, maduka yameishiwa, na anarudi amevaa kama amadilo, mnyama wa Amerika mwenye magamba ambaye ungemwona Mikumi ungesema ni kakakuona aliyepotea njia. Anajitambulisha kuwa mwakilishi wa Baba Krismasi kwa majimbo yote ya kusini na Mexico. Ben anaanza kusikiliza. Kisha mlango unafunguka: rafiki yake Chandler, akidhani anasaidia, ameingia na vazi halisi la Baba Krismasi. Na rafiki mwingine, Joey (si yule wa Full House), anafuata akiwa Superman.

Pengo ni talaka, lakini tofauti na ya Frasier: hapa mtoto yupo, na saa ndiyo hamna. Baba ana siku mbili au tatu za kupitisha mambo ambayo baba wa kila siku hupitisha bila kufikiri. Anayeziba pengo ni kundi zima. Monica ni dada yake Ross, kwa hiyo ni shangazi wa Ben, na wengine ni marafiki waliogeuka ndugu. Cha kuvutia ni kwamba msaada wao ndio karibu uharibu kila kitu. Kila mzazi wa zamu anamjua shangazi au mjomba aliyeleta zawadi kubwa kuliko yake.

Mwisho wake si ushindi wa baba. Ross anaona furaha ya mtoto, anamkubalia Baba Krismasi abaki, na Ben anakubali kusikiliza habari za Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi ambao ushindi wao ndio chanzo cha Hanukkah, Baba Krismasi akiwa kando yake. Wakatoliki wetu watakumbuka Wamakabayo kutoka kwenye Biblia yao. Wengine watalazimika kuuliza. Nakaa hapa kidogo kwa sababu naona ndipo sehemu hii inapotugusa kuliko waandishi wake walivyowahi kufikiria. Tanzania na Kenya zina nyumba nyingi za mseto, baba Mwislamu na mama Mkristo au kinyume chake. Wakiishi pamoja, mtoto anakula Idi na Krismasi na hakuna anayehesabu. Wakiachana, kila sikukuu inakuwa ya upande mmoja, na mzazi aliye na zamu anaanza kushindana na mzimu wa upande wa pili. Ross alishindana akiwa na mkia, na alishindwa vizuri.

Kicheko kingi, simanzi kidogo lakini imepigwa mahali pake. Mkondo wa pili wa hadithi, rafiki yao Phoebe akimnunulia Joey ngoma ili zimkere Rachel, anayekaa kwa Joey, ahame, unaweza kuupita. Maandalizi ni mawili. Siri ya Baba Krismasi inavuja waziwazi, kwa kuwa watu wazima wanazungumzia kukodi vazi na mtu mnayemjua anaingia amelivaa. Na mtoto ataweza kuuliza kwa nini Ben ana mama wawili nyumbani, kwa hiyo jua mapema utajibu nini kwa desturi za nyumba yako. Tena usikubali kujifunza jibu lako mbele ya wageni.

Kwa hali yako

Kama sebule imejaa watoto wa chini ya miaka kumi, na miongoni mwao yupo aliyefiwa na mzazi, anza na Full House. Inamwonyesha mtoto nyumba iliyofiwa ambayo bado ina kelele. Kama aliyewachukua watoto wa marehemu ni mjomba, mwache mjomba akae mbele. Lakini kama msiba ni wa mwaka huu huu, hata hiyo iache. Wekeni katuni.

Kama wewe ni baba au mama wa zamu, mtoto yuko kwako hadi Jumapili na unahisi lazima kila saa iwe na maana, Friends itakucheka kabla hujajicheka. Iangalie kwanza peke yako usiku, kwa sababu ya yale mambo mawili niliyotaja. Watoto wa miaka kumi na moja kwenda juu wanaifurahia bila shida. Kwa nyumba ya Idi na Krismasi, ni hiyo hiyo.

Kama mtoto hakuja, au uko zamu ya usiku hospitalini, getini, au kwenye bara ambalo kule nyumbani bado ni jana au tayari ni kesho, Frasier. Haitakuambia kwamba mwakani mambo yatakuwa mazuri. Itakuonyesha mtu mwenye BMW akilipiwa chakula na wasio na kitu, na pengine utacheka mbele ya sahani yako.

Singo maza ambaye mwanaume wake alitoweka, na ambaye ana desturi ya kutokea Desemba na begi, shati jipya na hadithi ya kuumwa: "Thicker Than Water". Hii ndiyo niliyosema ni yako. Del ni mwanaume, lakini nafasi aliyokalia ni ya yule aliyebaki akalea, kisha akaona watoto wanamkimbilia aliyerudi. Iangalie na dada yako au shoga yako, watoto wakiwa wamelala. Pia inamfaa kifungua mimba yeyote aliyewasomesha wadogo zake akiwa bado anavaa sare.

Kwa nyumba isiyosherehekea Krismasi kabisa, Frasier na Only Fools zinakwenda vizuri usiku wowote wa mwaka. Katika zote mbili sikukuu ni kisingizio cha kuwakutanisha watu. Full House bila hamu ya Krismasi inabaki na theluji na mabegi.

Na kama sebuleni kwako kuna kila aina ya pengo kwa pamoja, yaani mjane, aliyeachika, aliyelelewa na bibi na mtoto wa zamu, gawa jioni. Full House mara baada ya chakula, watoto wakiwa macho. Friends wakianza kupiga miayo wale wadogo, wakubwa wabaki. Halafu wenye nguvu ya kukesha wachague wenyewe kati ya zile mbili zilizobaki, na mwenye rimoti aende kuosha vyombo.